Duriani la Dubu

Kwa watu wa nyumba ndefu ya mzee Unggang, familia nyingi chini ya paa moja, duriani halichumwi. Linaanguka lenyewe kwa hiari yake, na likishaanguka ni la aliyelifikia kwanza, awe mwenye mti au mpita njia. Anayepanda juu kulikata anatozwa faini, na aibu inamganda mpaka wajukuu. Kwa hiyo msimu ukifika watu wanahamia shambani, wanajenga vibanda chini ya miduriani na kukaa humo masikio yamesimama. Kitu kikisema pu, mtu anapiga yowe moja refu, "Huuu, langu," ndipo anatoka mbio. Yowe lile lina kazi mbili. Linawaambia wenzako wasijisumbue, na linamwambia kila mwenye manyoya aliye njiani akupishe.

Baba Sendi hakupiga yowe.

Kulikuwa kumekucha kidogo tu, mvua imekatika, majani bado yanadondosha. Ng'ambo ya kijito, kwenye kibanda cha pili, alikuwapo mdogo wake Jampi. Tangu wachuuzi wa mjini waanze kuyagombania maduriani ya shamba lile, ndugu hawa wawili walikuwa wameacha kupiga yowe. Kila mmoja ananyata ili mwenzake asisikie, na jioni wanakula pamoja kana kwamba hakuna kitu. Basi, pu. Baba Sendi akachomoka kimya kimya kama mwizi, kichwa chini, akalirukia duriani. Lilikuwa bichi. Hapo ndipo angepaswa kujiuliza, maana duriani bichi halianguki lenyewe. Aliyelikata kikonyo kwa meno alikuwa anashuka mtini kinyumenyume, makalio mbele, kuifuata riziki yake, akatua karibu juu ya kisogo cha mtu.

Dubu wa misitu ile si mkubwa, akisimama anamfikia mtu mzima kifuani. Lakini mwenye makucha yale hana haja ya urefu.

Jampi alisikia ukelele akaja mbio na panga, anapiga mashina ya miti na kutukana matusi yasiyoandikika, dubu akatimka. Jampi akambeba kaka yake mgongoni mpaka mtoni, damu ikimtiririkia ndani ya shati, akamlaza kwenye mtumbwi, akawasha injini na kuikimbiza kwa nguvu zote hadi mjini. Hilo nalitaja mapema, kwa sababu baadaye utataka kumchukia Jampi moja kwa moja, na haitakuwa haki.

*

Mama Sendi alimkuta mumewe hospitalini amefungwa kichwa chote, limebaki jicho moja na tundu la mdomo. Mkono wa kushoto ulikuwa umepungua vidole viwili. Ngozi ya kichwa ilikuwa imerudishwa mahali pake na kushonwa, na nesi aliyeishona alisema ana bahati, neno ambalo Mama Sendi alilisikiliza akalitafuta maana asiipate.

Siku ya tatu akaingia Gramong. Huyu ni mtoto wa nyumba nyingine ndefu kule chini ya mto, mtu wa kwao kabisa, ila siku hizi anavaa kofia ya kampuni ya michikichi na kuongea kama anayesoma tangazo. Alibeba gunia la mchele begani, akaliweka mlangoni ambapo kila mgonjwa angeliona, akatoa simu.

"Mama Sendi, sogea kidogo."

"Nisogee wapi?"

"Unaziba kidonda."

Akasogea. Mpaka leo haelewi kwa nini alisogea. Gramong akamwomba nesi afungue bandeji kidogo upande wa shavu, nesi akakataa, Gramong akapiga picha hivyo hivyo, kisha akapiga nyingine amesimama pembeni ya kitanda, uso ameukunja kwa majonzi, mkono juu ya gunia.

"Kampuni imeguswa sana na jambo hili," alisema.

"Imeguswa wapi?" akauliza Mama Sendi.

Gramong akajitia hakusikia. Alimwinamia mgonjwa akamwambia apone upesi, kuna mazungumzo yanamsubiri nyumbani, mazungumzo mazuri. Alipoondoka, wagonjwa wa vitanda vya jirani walilitazama lile gunia, wakamtazama Mama Sendi, na mmoja wao akasema waziwazi kwamba hata yeye angekubali kuparuliwa kidogo. Watu wakacheka. Mama Sendi alicheka nao, kisha akaenda chooni akalia mpaka akatosheka.

*

Waliporudi, picha ilikuwa imewatangulia. Ilibandikwa kwenye nguzo ya baraza, pale baraza refu linapopita mbele ya milango ya watu wote, ili asiwepo wa kusema hakuiona. Juu yake maandishi mekundu: LEO LANSAM, KESHO MTOTO WAKO. Lansam ndilo jina lake Baba Sendi. Alisimama mbele ya uso wake mwenyewe kwa muda, kisha akaingia ndani bila kusalimia mtu. Mtoto wa jirani alimwona bila bandeji, akajificha nyuma ya mama yake na kupiga kelele. Mama mtu akamfinya mtoto na kuomba radhi, na radhi ile iliuma kuliko kelele.

Mazungumzo mazuri yalikuwa haya. Kampuni ilishafyeka kilima cha ng'ambo mwaka uliopita, kila familia ikiuza fungu lake, ikapanda michikichi mpaka ukingoni mwa kijito. Sasa inataka na shamba la miduriani. Italisafisha, dubu akose pa kula aondoke zake, wenye shamba wapewe pesa ya mkupuo na sehemu yao kila mavuno. Lakini miduriani ile aliipanda marehemu Nyanggau, baba yao Lansam na Jampi, na mila ya pale ni moja: miti ya marehemu ni ya damu yake. Mmoja wao akikataa, haukatwi hata mti mmoja. Waliokuja kwa ndoa hawana kauli. Mama Sendi alikuja kwa ndoa kutoka mto mwingine, akiwa msichana, na nywele zake zimeanza kuingia mvi kwenye vile vibanda vya msimu, lakini kauli hana.

Jampi alikuja jioni ile ile na samaki wawili. Akakaa kwenye mkeka, akamsifu kaka yake jinsi kidonda kinavyofunga. Mama Sendi alikuwa jikoni, hatua tano kutoka pale, anasikia kila kitu, na wao wanajua kwamba anasikia.

"Nakuomba jambo moja tu, kaka. Wakiuliza barazani, sema ndiyo."

Baba Sendi akawasogeza samaki kando.

"Mgongo wangu bado unauma," Jampi akasema taratibu. "Sikusimangi. Nakuambia tu. Ulikuwa mzito siku ile."

"Nitasema ndiyo," akasema Baba Sendi.

Mama Sendi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shemeji, nikuulize. Yule dubu kabla hajahamia kwenye miduriani yetu alikuwa anakaa wapi?"

"Mimi nitajuaje makazi ya dubu?"

"Unayajua. Kilima cha ng'ambo. Miaka yote alikuwa anakula huko tini zake na asali yake, huku anapita mara moja moja tunamwona kisogo. Mkafyeka kilima. Na wewe ulikuwa wa kwanza kuinua mkono."

"Niliinua mkono kwa fungu langu. Hukuzuiwa kuinua kwa lenu." Jampi akatabasamu. "Ah, samahani. Ulizuiwa. Si damu."

Akainuka na kuaga. Samaki akawaacha, na walikuwa wazuri. Mama Sendi aliwakaanga, maana hasira haibadilishi samaki, lakini yeye hakula.

*

"Wewe hukuwa chini yake," Baba Sendi alisema wakati anaoshwa kidonda. "Unaongea kwa sababu hukuwa chini yake. Hujui hata pumzi yake inanukaje."

"Inanukaje?"

Akafikiri kidogo. "Duriani."

Wakatazamana. Mama Sendi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Baba Sendi naye akacheka, nyuzi zikamvuta shavu, akawa anacheka na kulalamika kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aumie. Vicheko vilipoisha, mkewe akamuuliza lile ambalo alikuwa amelibana tangu hospitalini.

"Mbona hukupiga yowe?"

Mume akageukia ukuta.

"Nakuuliza, Baba Sendi. Baba yako alipiga yowe kwenye shamba lile mpaka meno yakamtoka yote. Hata siku moja hakuguswa. Wewe mbona hukupiga?"

"Achana na hilo."

"Nyumba nzima inasema umevamiwa. Picha yako inasema umevamiwa. Na wewe umenyamaza."

"Ulitaka niseme nini? Kwamba nilikuwa namwibia ndugu yangu duriani moja, ndipo dubu akanifumania? Nikiwa na uso huu? Uso sina tena, Mama Sendi, niachie basi hata heshima."

Hapo Mama Sendi akaacha kuuliza, kwa sababu alimhurumia. Lakini huruma yake na miduriani vilikuwa upande huu na upande ule, na alijua kabisa kwamba hawezi kuviokoa vyote.

*

Baraza lilijaa. Kuku walichinjwa kwa gharama ya kampuni, na pombe ya mchele ilipita mkono hadi mkono. Mzee Unggang alikaa katikati. Si mtu mbaya, ila bati jipya la paa la nyumba nzima lilitolewa na kampuni, na mtu akikaa chini ya bati la mwenziwe sauti inakuwa na adabu. Gramong alikaa upande wake wa kulia, kofia gotini.

Gramong akaongea vizuri, lazima tukiri. Alisema dubu si mnyama wa kuishi na watu. Alisema wazee wao waliishi naye kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, na sasa njia ipo. Akaonyesha nguzo yenye picha. Wanawake wakavuta watoto wao karibu.

"Kauli ni ya wana wa Nyanggau," akasema mzee Unggang. "Jampi?"

"Ndiyo."

"Lansam?"

Baba Sendi akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Mama Sendi, aliyekuwa anagawa wali, akaweka sinia chini.

"Mzee, naomba nafasi."

"Huyu ni mtu wa kuolewa," mke wa Jampi akasema kutoka nyuma, si kwa sauti kubwa, ila kwa sauti ya kutosha.

"Ni kweli," akasema Mama Sendi. "Mimi na wewe tulishushwa hapa kutoka mtumbwi mmoja, wote kwa ndoa, shoga yangu. Kauli ya miti sina, wala siitoi. Natoa kauli ya mume. Mume ni wangu, au na yeye ni wa ukoo?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikampa nafasi. Mzee Unggang akapunga mkono aendelee.

"Tunaambiwa mume wangu alivamiwa na dubu. Hakuvamiwa. Dubu alikuwa anakula. Alipanda mti akakata duriani lake, akashuka kulifuata, akakuta mtu amelikumbatia. Nyie mngekuwa mnakula hapa, mtu akaingia kimya kimya akachukua sinia, mngemfanya nini?"

"Mama Sendi," akasema mumewe chini kwa chini. Hakuwa anamkemea. Alikuwa anamwomba.

Alimsikia. Moyo ulimwuma kweli, akaendelea hivyo hivyo.

"Kwenye shamba lile mtu anapiga yowe ndipo anakimbia. Mzee, muulize mume wangu kama alipiga."

Vikombe vikaacha kupita. Mzee Unggang akamgeukia Lansam na kumuuliza, na Lansam akainamisha kichwa, kovu lote likaonekana hadi utosini.

"Sikupiga."

"Kwa nini?"

"Nilitaka niwahi." Akamwonyesha ndugu yake kwa kidevu. "Jampi naye siku hizi hapigi. Mimi sipigi, yeye hapigi. Tunawindana."

Jampi akatazama kikombe chake. Watu wakaanza kunong'ona, maana kwao jambo lile lilikuwa baya kuliko dubu. Ndugu wa tumbo moja kunyatiana chini ya miti ya baba yao. Gramong akaona mazungumzo yanamtoka mkononi, akakohoa.

"Yote hayo sawa, lakini dubu yupo."

"Yupo, na nitakuuliza juu yake," akasema Mama Sendi. "Mtu akichoma shamba lake, moto ukaruka ukaunguza kwa jirani, anatozwa nani? Mwenye moto au moto?"

"Mwenye moto," wakajibu watu wawili watatu. Hakuna mtoto wa pale asiyejua.

"Basi kampuni imefyeka kilima, dubu ameruka kwetu, amemuunguza mume wangu. Nataka faini yake. Nataka nguruwe, nataka mtungi, nataka na kipande cha chuma cha kuimarisha roho yake, kama anavyopewa mtu yeyote aliyemwagwa damu. Na gunia la mchele mlichukue, mmeshalipiga picha ya kutosha. Tulichokula tutarudisha kwa mpunga wetu."

Gramong akacheka. "Niende ofisini niwaambie wamletee mama mmoja nguruwe?"

"Na chuma. Usisahau chuma."

Safari hii watu hawakucheka. Mzee Unggang alijikuna goti kwa muda mrefu, akatazama juu kwenye bati, akatazama chini. Akasema madai ya faini atayasikiliza siku nyingine, hayafi. Leo lipo swali moja, na wa kulijibu ni mmoja.

"Lansam. Ndiyo, au hapana?"

Baba Sendi alisimama. Alikuwa anatetemeka, na hakuna aliyejua kama ni homa au ni hasira kwa mke aliyemvua nguo mbele ya nyumba nzima. Hata Mama Sendi hakujua. Aliuma mdomo akangoja.

"Ndugu yangu nilimpa ndiyo yangu," akasema. "Alinibeba mgongoni. Angeniacha ningekufa, na deni hilo sitalimaliza. Akiumwa nitambeba, akifa kabla yangu nitamchimbia kaburi kwa mkono huu wenye vidole vitatu." Akamtazama Jampi. "Lakini ulinibeba mimi. Hukuibeba miti ya baba. Miti siitoi. Hapana."

Jampi akainuka, akaweka kikombe chini polepole bila kukivunja, akaingia kwake na kufunga mlango. Gramong akavaa kofia. Mzee Unggang akatoa hukumu kwa sauti ya mtu aliyechoka: miduriani itabaki, lakini waliokataa ndio watakaojibu. Mtu mwingine akiumizwa na dubu kwenye shamba lile, faini ya damu ni juu ya mlango wa Lansam.

Kabla mumewe hajasema kitu, Mama Sendi akajibu, "Tutalipa." Kisha akaenda kwenye nguzo, akabandua picha, akaikunja na kuendelea kugawa wali.

*

Hawakusemeshana usiku ule. Asubuhi Baba Sendi alikunywa chai, akachukua panga, akasimama mlangoni akimngoja mkewe. Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na Mama Sendi alijua kuupokea bila kuutolea hotuba. Akavaa kikapu mgongoni.

Baraza zima liliwatazama wakipita. Mlangoni kwake Jampi alikuwa ananoa kisu.

"Mkimwona dubu msalimieni," akasema.

"Salamu zitafika, shemeji," akajibu Mama Sendi. "Nitamwambia zimetoka kwa yule aliyeuza makazi yake, akataka auze na kwetu."

Walivuka kijito jua likiwa tayari kali. Upande wa kulia michikichi ya kampuni, mistari mitupu mpaka macho yachoke. Upande wa kushoto miduriani ya marehemu, na kivuli chake. Pale kivuli kinapoanzia, miguu ya Baba Sendi ikagoma. Alisimama tu, jasho linamtoka kwenye kovu, akaona haya kama mtoto aliyejikojolea.

"Kaa hapo," mkewe akamwambia. "Ikikubali utakuja. Isipokubali leo, kuna kesho."

Akaingia peke yake. Chini ya mti mkubwa kulikuwa na maganda mabichi yamepasuliwa, na shina lilikuwa na mikwaruzo mipya inayovuja utomvu. Akainua macho. Juu kabisa, penye panda ya matawi, alikuwapo dubu mwenyewe, amejitandikia majani, mweusi, alama ya njano kifuani, mguu mmoja unaning'inia. Alikuwa anamtazama. Mama Sendi aliogopa, na asiyeogopa mnyama yule hana akili. Lakini alikuwa amechoka kusogezwa. Hospitalini alisogea, barazani walitaka asogee, na sasa huyu naye yupo juu anamkodolea macho.

Akashika kiuno. Akapaza sauti, na mumewe kule kwenye jua akasikia kila neno.

"Wewe. Nimekutetea jana mbele ya nyumba nzima, na mume wangu nusura nimpoteze kwa ajili yako. Kula. Hujakatazwa kula, huna kwingine. Lakini ukimgusa tena mtu wangu, sitamwita Gramong wala kampuni yake. Nitapanda huko juu mimi mwenyewe, na faini ya kupanda nitailipa."

Nyuma yake akasikia majani makavu yanakanyagwa, hatua moja, kisha nyingine. Hakugeuka. Alingoja mpaka bega la mumewe likagusana na lake, ndipo akainama akaanza kuokota maduriani yaliyoanguka usiku.